Malezi ya Nyumbani: Tumbo Moja, Silika Mbali Mbali



Tangu tulipoandika katika ukurasa huu juu ya kumzoeza mtoto sala, zimetufikia barua kadha wa kadha, na nyingi katika hizo zina swali moja lililoulizwa kwa maneno mbali mbali. Mama mmoja amelieleza vizuri kuliko wenzake, nasi twayatia maneno yake hapa kwa ufupi, bila ya kutaja jina lake wala mji wake. Anao watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka minne, wa baba mmoja na mama mmoja, waliolelewa katika nyumba moja na kwa kanuni moja. Yule mkubwa hutazamwa kwa jicho tu akajua la kufanya. Yule mdogo, tangu kabla ya kutimiza arubaini yake, hakuwa na saa ya kulala wala saa ya kunyonya. Kila chakula kipya hukitema, kila mgeni humlilia, na akikatazwa jambo hujitupa chini mpaka majirani wakatoka nje. Amechapwa, amefungiwa chumbani, amesomewa, amebembelezwa, na bado ni yule yule. Mumewe husema kwamba yeye ndiye aliyemdekeza. Mama mkwe wake husema kwamba mtoto "ana kitu". Naye mwenyewe anatuuliza amekosa wapi.

Lililo chungu katika barua hii ni hilo neno la mwisho. Mwanamke anayekesha na mtoto, kisha asubuhi akaambiwa na watu wa nyumba yake kwamba taabu ile ameiunda kwa mikono yake, huishia katika moja ya mambo mawili: ama huvunjika moyo akamwacha mtoto afanye atakavyo, ama humchukia mtoto kwa siri. Yote mawili tumeyaona. Kwa hiyo twamjibu kwanza, kisha tutaeleza. Kwa hayo aliyoyaandika, hatuoni mahali alipokosa, ila pale tu alipodhani kwamba kanuni iliyomfaa mkubwa haina budi kumfaa na mdogo.

Watu wetu wanazo methali mbili wanazozitaja kila yanapozungumzwa malezi: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na "Samaki mkunje angali mbichi". Methali hizi ni za kweli. Lakini wenye kuzitaja husahau kwamba si kila samaki hukunjwa kwa nguvu zile zile, na jambo hilo wanaweza kumwuliza mvuvi ye yote.

Kila mtoto huzaliwa na silika yake. Kwa neno hili hatukusudii adabu wala elimu, maana hizo hufunzwa. Twakusudia ile namna ambayo mtoto huupokea ulimwengu kabla hajafunzwa kitu. Yuko anayeshtuka kwa mlango kufungwa, na yuko asiyeshtuka kwa radi. Yuko mwenye kushika saa zake za njaa na usingizi, na yuko asiyekuwa na saa. Yuko anayemchekea mgeni, na yuko anayeficha uso kifuani mwa mamake. Mwingine kilio chake ni cha kunong'ona, na mwingine kilio chake huuita mtaa mzima. Wakunga wetu wa zamani waliyajua haya bila ya kitabu, na mama aliyezaa zaidi ya mara moja huyajua kabla ya kutoka arubaini.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika Hadithi kwamba wajumbe wa kabila la Abdul Qays walipowasili Madina, walishuka mbio juu ya wanyama wao kumkimbilia Mtume (S.A.W.), lakini mwenzao mmoja, Al-Ashajj, alibaki nyuma akayatengeneza mambo yake, akavaa nguo zake vizuri, kisha akaja kwa utulivu. Mtume akamwambia kwamba anazo sifa mbili azipendazo Mwenyezi Mungu, nazo ni upole na kutofanya pupa. Yule bwana akauliza swali ambalo wataalamu wa leo bado wanaliuliza: je, sifa hizo amejizoeza mwenyewe, au ameumbwa nazo? Akajibiwa kwamba ameumbwa nazo. Na katika Hadithi nyingine twaelezwa kwamba Nabii Adam aliumbwa kwa gao la udongo uliokusanywa kutoka ardhi yote, ndipo wanawe wakaja kwa rangi mbali mbali, na miongoni mwao wakawamo walio laini na walio wagumu. Basi anayemlaumu mama kwa kuwa mwanawe amezaliwa mgumu, na amlaumu pia mkulima kwa rangi ya udongo wa shamba lake.

Wataalamu wa Kizungu walichelewa kulikubali jambo hili. Katika miaka ya 1950 madaktari wengi wa Marekani walifundisha kwamba mtoto akiwa na kasoro yo yote ya mwenendo, chanzo chake ni mamake: ama amempenda mno, ama hakumpenda vya kutosha. Mwaka 1956, mjini New York, mtu na mkewe, Alexander Thomas na Stella Chess, wote wawili madaktari wa maradhi ya akili, walianza kulichunguza neno hilo kama ni la kweli. Waliwafuata watoto 133 tangu uchanga wao hata utu uzima. Hawakuwauliza wazazi kama mtoto ni mwema au mbaya. Waliwauliza mambo ya kila siku: hufanyaje akioshwa, akivalishwa, akipewa chakula asichokijua, akiingia mtu asiyemzoea, akinyang'anywa kitu.

Waliona kwamba katika kila watoto 100, kama 40 walikuwa wepesi, wenye saa zao, wachangamfu, wanaozoea upesi kila jambo jipya. Kama 10 walikuwa wagumu, wasio na saa, wakali wa kilio, wanaokataa kila kigeni. Kama 15 walikuwa wazito wa kuzoea; hawa hawapigi kelele, bali hurudi nyuma na kutazama, na wakiachiwa muda huja wenyewe. Waliobaki, kama 35, walichanganya hili na lile, wasiweze kutiwa katika fungu moja.

Ndugu msomaji aitazame hesabu hiyo ya 10. Chuo chenye watoto 40 huenda kikawa na wanne wa namna hiyo, na nyumba yenye watoto wanne huenda isipate hata mmoja. Na mwenye nyumba asiyepata hata mmoja ndiye mwepesi kuliko wote wa kumfundisha jirani yake malezi.

Walipokua kidogo watoto hao, katika wale wagumu kama 70 kwa mia walipata matatizo ya mwenendo, hali ya kuwa katika wale wepesi walikuwa kama 18 kwa mia. Hapo mtu aweza kusema kwamba mambo yamekwisha, aliyezaliwa mgumu atakufa mgumu. Sivyo. Wale wagumu waliosalimika, na wale wepesi walioharibika, ndio waliowafunulia wachunguzi hao siri ya jambo lenyewe. Kilichomharibu mtoto si silika peke yake, wala si malezi peke yake, bali ni kutoafikiana kwa viwili hivyo. Mtoto aliyetakiwa jambo ambalo silika yake haijaliweza, kwa namna isiyomwelekea, aliharibika. Na yule yule, akipata mzazi wa kumsubiri na kushika neno lake, alinyoka.

Tena walipata mfano mwingine katika mji ule ule, kwa watoto wa familia za wafanya kazi waliotoka Puerto Rico. Wazazi hawa hawakujali sana mtoto alale saa ngapi. Akisinzia alilazwa, asiposinzia alikaa na wakubwa. Kwa hiyo mtoto asiyekuwa na saa za usingizi hakumsumbua mtu nyumbani kwao, mpaka siku alipotiwa skuli na kutakiwa aamke mapema. Lakini mtoto asiyetulia, mwenye kupenda kukimbia na kuruka, alikuwa msiba kwao, kwani walikaa katika vyumba vidogo vya ghorofa na waliogopa kuwaachia watoto barabarani. Mtoto yule yule, katika nyumba yenye uwanja, angeitwa mchangamfu tu. Jambo hili lawahusu khasa wasomaji wetu wanaokaa ghorofani katika Dar es Salaam na Mombasa. Kabla ya kumwita mtoto mtukutu, hesabuni kwanza hatua zilizopo baina ya mlango na dirisha.

Tuyatazame sasa malezi nayo. Katika miaka ya 1960 bibi mmoja mtaalamu wa chuo kikuu cha California kilichoko Berkeley, Diana Baumrind, aliwachunguza watoto wadogo pamoja na wazazi wao, akayagawa malezi mafungu matatu. La kwanza ni la mzazi mwenye amri nyingi na maelezo machache, ambaye neno lake halina "kwa nini". La pili ni la mzazi mlegevu, mwenye mapenzi mengi na mipaka michache. La tatu ni la mzazi aliye imara na mwenye huruma kwa pamoja; huweka mpaka na hushika mpaka, lakini humweleza mtoto sababu na husikiliza jawabu yake. Mwaka 1983 wataalamu wawili wengine, Eleanor Maccoby na John Martin, waliongeza fungu la nne, la mzazi asiyeweka mpaka wala asiyeonyesha mapenzi, yaani aliyejitoa katika kazi. Mafungu haya hayahitaji maelezo marefu, kwani kila mtaa unayo yote manne. Juu ya ukali uliozidi, Ibn Khaldun aliandika katika Muqaddima yake, tangu mwaka 1377, kwamba humfundisha mwanafunzi uwongo na hila kwa kuuogopa mkono wa mwalimu wake, na khasa akiwa mdogo. Juu ya ulegevu twaijua methali ya mchelea mwana kulia. Na juu ya ukavu wa moyo, Al-Aqra' bin Habis alijisifu mbele ya Mtume (S.A.W.) kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, wala hakusifiwa kwa hilo, bali alikumbushwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni, nalo ndilo lililo katikati ya barua tuliyoitaja. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Richard Bell, aliwakumbusha wenzake kwamba si mzazi tu anayemfanya mtoto. Mtoto naye humfanya mzazi wake. Tunapoona baba mkali na mtoto mkaidi, sote husema kwamba ukali umeleta ukaidi. Huenda ikawa ni kweli. Na huenda pia ikawa kwamba ukaidi ulikuja kwanza, na yule baba, aliyekuwa mpole kwa watoto watatu wa mwanzo, amefundishwa ukali na wa nne.

Tutoe mfano wa kila siku. Mtoto mgumu anataka simu ya babake. Anaambiwa hapana, analia. Anaambiwa hapana mara ya pili, analia zaidi na kujitupa. Mara ya tatu anapigwa kofi. Mara ya nne, mgeni yuko barazani, wali unaungua, mama amechoka, simu inatolewa. Wazee wa nyumba wanatikisa vichwa wakisema: "Huyu kofi halimtishi." Wamekosea hesabu. Mtoto amesoma masomo mawili siku ile, na ameyahifadhi vizuri kuliko alifu zake. La kwanza, kwamba kilio kimoja na viwili havitoshi, yampasa afike cha nne. La pili, kwamba kofi ni bei ya simu, nayo ni bei anayoiweza. Kesho ataanzia pale alipoachia leo, na mama ataanza na kofi badala ya kuanza na neno. Mwezi ukipita, wote wawili watakuwa wamebadilika, na hakuna atakayekumbuka nani alianza.

Mtoto mwepesi huachia katika "hapana" ya kwanza, kwa hiyo mamake hapati hata nafasi ya kukosea. Ndiyo maana twasema kwamba mtoto mwepesi humpa mzazi wake sifa asizozifanyia kazi. Tena naye ana khatari yake, kwamba kwa kuwa halii, hatazamwi. Tumewaona watoto wapole waliokaa na maumivu ya sikio siku tatu pasi na mtu kujua, kwa sababu macho yote ya nyumba yalikuwa kwa ndugu yao mwenye kelele.

Kwa mtoto mgumu, basi, ukali zaidi si dawa, na kumwachia si dawa. Kinachomfaa ni makatazo machache yasiyovunjika. Mzazi na achague mambo anayotaka kuyasimamia, kama vile moto, kisima na barabara, na kumpiga mwenzake, na kumtukana mkubwa. Mengine ayapitishe kwa muda, hata ikiwa ni shati lililovaliwa nyuma mbele. Jambo likiwa ni la kutoa, litoke kwa ombi la kwanza. Likiwa si la kutoa, lisitoke hata kwa kilio cha kumi, wala nyanya asilitoe kwa mlango wa uani. Mtoto asiyependa mageuzi aarifiwe kabla, kwamba tukimaliza hiki tutaoga, na saa za chakula na usingizi ziwe zile zile kila siku, hata kama yeye mwenyewe hana saa. Sauti iwe ya chini. Na anapofanya vizuri, walau kidogo, aambiwe hapo hapo, kwani mtoto wa namna hii husikia jina lake likitajwa kwa ubaya tangu asubuhi hata usiku, mpaka akadhani kwamba jina ndilo lile.

Tulizungumze sasa fungu lile la wazito wa kuzoea, nalo twalijua vizuri sisi tulio chuoni. Huyu ndiye anayedhulumiwa kimya kimya. Siku ya kwanza huja ameshika buibui la mamake kwa mikono miwili. Mwalimu asiyejua humvuta, wenzake humcheka, kisha huambiwa asome kwa sauti mbele ya watu, naye hukaa kimya. Hapo huandikwa moja katika mawili: ni mjinga, au ana kiburi. Naye si mjinga wala hana kiburi. Huenda usiku ule ule, akiwa kitandani, akaisoma peke yake sura yote iliyosomwa na darasa.

Jerome Kagan, wa chuo kikuu cha Harvard, aliwatazama watoto wachanga wa miezi minne walipoonyeshwa vitu vigeni na kusikilizishwa sauti ngeni. Kama mmoja katika kila watano alirusha mikono na miguu na kulia, na wengi wa hao walipofika mwaka wa pili walikuwa waoga wa watu na mambo mapya. Lakini si wote. Katika uchunguzi ule ule ilionekana kwamba mama aliyekuwa mwepesi wa kumnyanyua mtoto wa namna hii kila anaposhtuka, akimwondolea kila kigeni, uoga wa mtoto ulibaki. Na mama aliyemwekea mipaka ya kawaida, akamwacha apambane na mambo madogo hali yeye yuko karibu, uoga ulipungua. Basi kuna makosa mawili yanayotazamana. Moja ni kumtupa mtoto mwoga majini ili ajifunze kuogelea, na la pili ni kumficha ukutani asiione bahari.

Desturi yetu chuoni kwa mtoto kama huyu ni kumweka karibu na mlango, pembeni mwa nduguye au jirani yake, na ubao wake mkononi, wala haulizwi kitu. Mama hukaa siku mbili tatu pale barazani, kila siku muda mfupi kuliko jana, na akiondoka humuaga mtoto waziwazi, wala hamtoroki, kwani mtoto aliyetorokwa mara moja hatauachia mkono mara ya pili. Wiki ya pili husoma na mtoto mmoja. Kisha humsomea mwalimu peke yake, kwa sauti ya sikioni. Wapo waliotuchukua mwezi mzima. Baadhi yao sasa wanasalisha tarawehe.

Na hapa hatuna budi kusema neno juu ya bakora, ijapokuwa baadhi ya walimu wenzetu hawatalipenda. Wazee wetu walipomleta mtoto chuoni walikuwa wakimwambia mwalimu kwamba nyama ni yake, na mifupa ni yao. Nia yao ilikuwa njema, walitaka elimu kwa watoto wao. Lakini tazameni aliyoyaona Grazyna Kochanska katika chuo kikuu cha Iowa katika miaka ya 1990, alipochunguza namna watoto wadogo wanavyojenga dhamiri, yaani kuacha baya hata pasipokuwa na mtu. Aliona kwamba mtoto mwenye khofu ya asili hujenga dhamiri kwa maneno ya upole. Akitishwa sana, khofu humjaa hata asikumbuke alichokatazwa, hukumbuka kutishwa tu. Na mtoto asiye na khofu, vitisho havimwingii. Kinachomjenga ni mapenzi na maafikiano baina yake na mamake, mpaka akaona uzito kumvunja moyo. Basi bakora kwa yule wa kwanza imezidi, na kwa huyu wa pili haikufika. Atakayesema kwamba ilimfaa yeye alipokuwa mtoto, huenda alikuwa katika wale 40 wepesi, ambao wangalinyoka hata kwa kukohoa kwa mwalimu.

Wasomaji wawili wametuuliza kama kumfanyia kila mtoto namna yake si kuvunja uadilifu baina ya watoto, na wametaja khabari ya Nu'man bin Bashir, ambaye babake alitaka kumpa zawadi peke yake, Mtume (S.A.W.) akakataa kuishuhudia kwa kuwa nduguze hawakupewa mfano wake. Hadithi hii twaikubali kwa moyo mmoja, nayo ni juu ya kutoa. Katika chakula, na nguo, na zawadi, na busu, na kuchekewa, watoto wawe sawa. Lakini hakuna baba anayewashonea wanawe wanne kanzu za kimo kimoja, akaita kufanya hivyo uadilifu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba tabibu akiwatibu wagonjwa wote kwa dawa moja atawaua wengi wao, na mlezi wa nafsi za watu ni kama tabibu huyo. Maneno haya yalitangulia uchunguzi wa New York kwa zaidi ya miaka 800.

Tena wazazi wasidhani kwamba kuijua silika ya mtoto ni karama waliyopewa wachache. Katika nchi ya Uholanzi mtaalamu mmoja, Dymphna van den Boom, aliwachagua akina mama 100 wa hali ya chini ambao watoto wao wachanga walikuwa wepesi wa kukasirika na kulia. Nusu yao walitembelewa nyumbani mara tatu tu, mtoto akiwa baina ya miezi sita na tisa, wakaonyeshwa namna ya kuzisoma alama za mtoto na kumjibu kwa wakati wake. Nusu ya pili waliachwa kama walivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: watoto wa wale waliotembelewa walipotimiza mwaka walikuwa wametulia zaidi kwa mama zao, na walilia kidogo kuliko wale wa nusu ya pili. Ni mara tatu tu! Kazi ambayo huko aliifanya mtaalamu, hapa kwetu yaweza kufanywa na shangazi mmoja mwenye subira, akiingia nyumbani kusaidia badala ya kuhukumu.

Wala ugumu wa mtoto si shari siku zote. Katika miaka ya 1970 daktari aitwaye Marten deVries aliwachunguza watoto wachanga wa Kimasai, akawatenga waliokuwa wepesi na waliokuwa wagumu. Kisha kikaja kiangazi kikali, ng'ombe wakafa, na watu wakahama. Aliporudi kuwatafuta, akawapata wachache tu. Na katika hao aliowapata, wengi wa wale wepesi walikuwa wamekufa, na wengi wa wale wagumu walikuwa hai. Watoto hao walikuwa wachache mno kufanywa sheria, lakini sababu inayodhaniwa ni rahisi kueleweka: maziwa yanapokuwa haba, aliaye sana hunyonyeshwa kwanza.

Kwa mume wa mama aliyetuandikia twaongeza mambo mawili. La kwanza, mtoto huyu apelekwe kwa daktari, atazamwe masikio yake, na tumbo lake, na usemi wake, kwani kuna watoto wanaoitwa wakaidi kumbe hawasikii vizuri. Kumsomea ni kheri, na kusomea hakumzuii mtu kwenda hospitali. La pili, ashike yeye zamu ya jioni kwa wiki mbili, tangu Magharibi mpaka mtoto alale, peke yake, bila ya mama mkwe wala mke kumsaidia. Baada ya wiki hizo mbili atuandikie mwenyewe. Tutaitia barua yake hapa.

Mwezi ujao, Inshallah, tutamjibu yule mzee anayeuliza juu ya mjukuu wake aandikaye kwa mkono wa kushoto.